Maswali ya wasomaji: ukishashuka kwenye meli pale Luxor

Toleo lililopita niligusia tu kidogo kwamba nimerudi Misri kwenye ile meli ya kitalii ya Mto Nile, mistari miwili mitatu hivi, basi simu haijapumzika. Maswali ni mengi na mengine yanajirudia, nimechagua machache. Walioniuliza nilipata wapi hela ya meli ya kifahari, hao nimewaweka pembeni kwanza.

*Anti habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu wa hapa Mwanza, wanangu wamejichanga wametulipia mimi na mama yao meli kutoka Luxor mpaka Aswan, kulala siku nne. Sasa ajenti anatuuliza tuweke matembezi yote ya nchi kavu kwenye pakeji au tulipie moja moja tukifika. Tofauti ya hela sio ndogo. Tufanyeje? — Mwalimu, Mwanza*

Mwalimu shikamoo, na hongera, umezaa watoto. Kuna kitu ajenti huwa hasemi. Ile meli haiendi mbali. Luxor mpaka Aswan kwa mtoni ni kama kilomita 200 na kidogo, kwa hiyo katika siku zako nne injini inawaka masaa machache tu, muda mwingi uliobaki mmefungwa gatini. Tena gati zenyewe hazitoshi, meli zinapangwa ubavu kwa ubavu nne, tano, sita, ukitaka kushuka unapita risepsheni ya meli ya jirani, halafu ya jirani yake, marumaru na vioo kila moja, mpaka unaikuta nchi kavu. Siku ya kwanza mimi niliamka nikafungua pazia nimuone huyo Nile, nikakutana uso kwa uso na baba wa Kijerumani anapiga mswaki kwenye chumba cha meli ya pili. Kwa hiyo usiposhuka utakuwa umelipia bufe na mapazia ya watu. Safari iko chini, meli ni kitanda.

Sasa kuhusu hela. Usichukue yote na usiache yote. Matembezi ya ng'ambo ya magharibi pale Luxor, yaani Bonde la Wafalme walikozikwa mafirauni na hekalu la malkia Hatshepsut, chukua ya meli pamoja na mtembeza wageni, kwa sababu sehemu zimeachana, jua ni kali, na bila mtu wa kukueleza zile picha za ukutani utaona watu wamesimama kiubavu tu kuta nne. Hekalu la Karnak pia chukua, ule ukumbi wa nguzo 134 peke yake unataka mtu wa kukuambia uanze kutazama wapi, mimi nilisimama katikati shingo ikauma. Edfu, hekalu la njiani, chukua. Na hekalu la Philae kule Aswan chukua, maana iko kisiwani na mambo ya kubishana bei na wenye boti asubuhi asubuhi mwachie mwingine.

Ila hekalu la Luxor lenyewe liko mjini kabisa kando ya mto, nendeni wawili jioni taa zikishawaka, ndio raha yake. Mlangoni mtaona mnara mmoja mrefu wa jiwe, ilikuwa miwili, mwenzake umesimama Paris tangu 1836. Na ndani ya hekalu humo humo kuna msikiti wa Abu Haggag unaswaliwa mpaka leo, mlango wake wa zamani unaning'inia juu ukutani kwa sababu walipoujenga mchanga ulikuwa umejaa mpaka pale, baadaye mchanga ukaondolewa mlango ukabaki hewani. Kom Ombo, hekalu jingine la njiani, nayo iko hatua chache kutoka gatini, hiyo ya kulipia basi na mtu ni kupoteza hela.

Kabla hujamlipa ajenti muulize tiketi za kuingilia zimo au ni usafiri na maelezo tu. Hapa ndipo wengi tunapoumia. Tiketi ya kawaida ya Bonde la Wafalme inakuingiza makaburi matatu, na la Tutankhamun halimo, lina tiketi yake pembeni, la Seti wa Kwanza vilevile na lenyewe ni ghali hasa. Na ubebe kadi ya benki inayofanya kazi nje, vituo vingi vikubwa siku hizi dirishani hawataki noti. Muulize pia kundi lina watu wangapi, ukiambiwa arobaini ujue utasikia sauti ya mtu na huoni anachoonyesha.

Na hii mwalimu ishike sana, ukitoka na matembezi ya meli mkichelewa meli inawasubiri, ukitoka kivyako ukachelewa haikusubiri. Kule Luxor siku ya kwanza haina shida, inalala pale pale. Edfu ndio usijaribu.

*Mambo anti, natoka Mombasa. Nataka kumpeleka mamangu, ana miaka 71 na magoti yanamsumbua, lakini ameshikilia lazima aone makaburi ya mafirauni kabla hajafa. Ataweza kweli ama nimdanganye tukae tu kwenye meli? — Kitinda mimba*

Usimdanganye mama yako, atajua. Ataweza, ila uchague. Bonde la Wafalme kutoka getini kuna vigari vya umeme vinavyosogeza watu mpaka karibu na makaburi, mpandishe. Halafu makaburi hayafanani. La Ramses wa Nne limenyooka, ni pana, linashuka polepole kama mtaro, na rangi zake za dari bado ziko safi ajabu. La Ramses wa Tisa nalo halina shida sana. Sasa la Thutmose wa Tatu ni ngazi za chuma kupanda kwanza halafu ngazi kushuka ndani, joto, hewa nzito, hilo msimamishe nje mnunulie soda. Mtembezaji akiwaambia twendeni lile ndio zuri mwambie bibi ana magoti, wanaheshimu sana wazee kule, mimi nilikuwa na mama mkwe wangu nikashangaa jinsi walinzi walivyokuwa wanamwita hagga hagga, yaani hajjati, na kumtafutia pa kukaa, ingawa mwisho wa siku kila kiti kilikuwa na bakshishi yake.

La Tutankhamun ni dogo. Watu wanaingia wanatoka wamenuna, ndio hili tu? Ndio hilo tu. Lilipata jina kwa sababu Howard Carter, yule mchimbaji Mwingereza, alipolikuta Novemba 1922 vitu vilikuwa bado vimo, na sasa vitu vimehamishiwa Kairo kwenye lile jumba kubwa la makumbusho karibu na mapiramidi. Kilichobaki pale kaburini ni yeye mwenyewe, maiti yake iko ndani ya kioo, mweusi, mdogo, vidole vya miguu vimetokeza. Mama mkwe alimsomea Fatiha. Nikamwambia mama huyu alikuwa kabla ya Uislamu, akasema nimemuonea huruma tu, mtoto wa watu.

Philae mtihani ni kupanda boti, ukingo unatikisika, mshike mkono huyu na nahodha ashike ule. Edfu mnapelekwa kwa magari ya farasi na vurugu yake pale asubuhi si ya kawaida, kama stendi ya Ubungo ya zamani ila wenye kelele ni farasi, kupanda ni juu kidogo. Baadhi ya wale farasi wamekonda mpaka unaona aibu kupanda. Kuna bajaji, muulizie bajaji.

Na nendeni kati ya Novemba na Februari. Mwezi wa saba kule nyuzi joto zinapita 40 bila hodi, Mombasa utaiona kama Limuru.

*Kule Zanzibar papasi, wale wanaowaganda watalii, wamenichosha mpaka nimehama njia, nasikia Misri ni mara kumi. Kweli? Na hizo duka ambazo mtalii anapelekwa katikati ya matembezi, mtu anaweza kukataa? — Mzaramo wa Mbagala*

Mara kumi hapana, tuseme mara saba. Neno ni "la, shukran", yaani hapana asante, sema mara moja na usigeuke. Ukisema no thank you kwa tabasamu umekwisha, tabasamu kule ni mkataba. Na usipokee kitu mkononi hata ukiambiwa zawadi, hasa zawadi.

Wanaochekesha ni wale wa Esna. Pale kuna lango la kupandisha meli, yaani meli inaingia kwenye boksi la zege, maji yanajazwa, inanyanyuka, inatoka upande wa pili. Mkiwa mnasubiri foleni wanakuja jamaa na vimtumbwi wamejifunga kamba kwenye meli yenu, wanarusha mashuka, kanzu, vitambaa vya meza, vimefungwa kwenye mfuko wa nailoni, kutoka majini mpaka sitaha ya juu ghorofa ya nne, na hawakosei! Wewe unachagua, unatia hela kwenye mfuko, unawarushia. Usipotaka unarudisha mzigo. Mimi niliurusha ukaangukia mtoni, nikalipa kanzu ambayo nilikuwa nimeikataa. Ninayo mpaka leo, navaa nikipika.

Sasa maduka. Ndio, unapelekwa, na kwenye ratiba wanaandika kiwanda cha papirasi, kiwanda cha mawe ya alabasta, taasisi ya manukato, unaona kama ni shule vile. Ni duka na mtembezaji ana chake pale. Safari yangu ya kwanza tulikaa kwenye duka moja dakika hamsini, tukanyweshwa chai, tukaonyeshwa karatasi, halafu kwenye hekalu la Hatshepsut tukaambiwa tuna dakika thelathini tu jua linawaka. Nilikasirika lakini nilikuwa mgeni nikanyamaza, na hiyo picha ya papirasi niliyonunua nikaja kuambiwa na mtu anayejua kwamba ni majani ya mgomba. Majani ya mgomba! Mimi mtu wa Bukoba nimesafirishwa mpaka Misri kuuziwa mgomba. Safari ya pili nilimwambia mtembezaji mapema kabisa kwenye basi, kaka yangu, bakshishi yako nitakupa nzuri mwisho wa siku, ila dukani hatuingii, muda huo tuongezee kwa Hatshepsut. Alicheka, akakubali. Mkiwa kundi ongeeni usiku kabla, mkiwa wengi hamtaki hatawalazimisha.

*Mamba wapo? Na mtu anaweza kuogelea? — Std 6, Kahama (nimeandikiwa na dada)*

Mwambie dada ahsante. Mamba pale meli inapopita hakuna, wako juu ya lile bwawa kubwa la Aswan, kwenye ziwa Nasser, ukuta umewazuia kushuka. Lakini Kom Ombo utawaona mamba waliokaushwa kama maiti za wafalme, wamepangwa kwenye kioo wakubwa kwa wadogo, zamani hizo hekalu lile lilikuwa la mungu wao mwenye kichwa cha mamba, Sobek. Kuogelea ogelea kwenye bwawa la meli. Mtoni kuna kichocho, kile kile cha kwetu.

*Anti, nipo Toronto na mume na watoto wawili, 9 na 13. Matembezi ya Abu Simbel hayamo kwenye bei, ni ya kuongezea na wanasema tunaamshwa usiku wa manane. Watoto wataniua. Inastahili? — Mama wawili*

Inastahili, waamshe. Mnatoka Aswan kama saa kumi alfajiri mmebebeshwa kifungua kinywa kwenye boksi, masaa matatu na ushee jangwani, mnakaa kule kama masaa mawili, mnarudi. Ndege ipo pia kwa mwenye mfuko. Watoto watalala njia nzima kwa hiyo anayeteseka ni wewe tu.

Ukifika unazunguka kilima kwa nyuma, huoni kitu, mchanga na ziwa, halafu unakata kona na wale Ramses wanne wamekaa, sanamu za firauni Ramses wa Pili mlangoni mwa hekalu, zilizochongwa mita kama 20 kwenda juu. Binti yangu ambaye tangu Kairo alikuwa hajanyanyua macho kwenye simu alisema mama. Basi, mama tu, akanyamaza.

Halafu waambie watoto hiki, watakipenda kuliko habari za wafalme: hekalu lile halikuwa pale. Nasser, rais wa Misri wa enzi hizo, alipojenga lile bwawa la Aswan, kazi iliyoanza 1960, maji yalikuwa yanakuja kulimeza, kwa hiyo kati ya 1964 na 1968 wakalikata na misumeno vipande vipande kama keki, wakavipandisha mita kama 65 juu, wakaviunga tena, na kilima kile cha nyuma ni cha kutengenezwa. Walihesabu hadi jua, maana mara mbili kwa mwaka mwezi wa pili na wa kumi mwanga wa asubuhi unapenya mpaka ndani kabisa kwa sanamu, na bado unapenya. Philae nayo ilihamishwa hivyo hivyo kutoka kisiwa kimoja kwenda kingine.

Ila wasiishie hapo. Wanubi walikuwa wanaishi kwenye yale maji. Watu kama 50,000 upande wa Misri, na wengine wengi upande wa Sudan, walihamishwa na vijiji vyao viko chini ya ziwa, mitende, misikiti, makaburi ya bibi na babu, na kwa hayo dunia haikuchanga misumeno. Kwa hiyo mkiletewa matembezi ya kijiji cha Wanubi kule Aswan, boti jioni, nyumba za bluu na njano, chai, mtoto wa mamba wa kupigia picha, nendeni, chai ni nzuri, lakini ule ni upande wa biashara. Asubuhi yake kabla meli haijawafukuza chukueni teksi mpaka makumbusho ya Wanubi pale pale mjini, saa moja na nusu inatosha, kuna picha za siku watu wanapanda meli kuondoka na mabegi yao. Mtoto wako wa miaka 13 ambaye wazazi wake wamehama ataelewa bila kuelezwa.

*Bi Mkubwa salaam. Mie muuza udi na ubani Darajani. Mjomba anasema Misri hapana letu, ni mawe ya Wazungu kupigia picha. Niende au nihiji tena Umra? — Wa Darajani*

Waalaykum salaam. Umra siwezi kushindana nayo, hiyo amua na moyo wako. Lakini mjomba umwambie amekosea, na wewe kwa kazi yako ndio mtu hasa wa kwenda.

Kwenye lile hekalu la Hatshepsut, ng'ambo ya Luxor, panaitwa Deir el-Bahari. Sisi tukimwita mtu firauni tumemtukana, lakini huyu alikuwa firauni mwanamke na anayetaka kumtukana ajaribu, alitawala miaka kama 3,500 iliyopita kwa zaidi ya miaka ishirini. Ukipanda ngazi za kwanza, baraza ya mkono wa kushoto, kuna ukuta umechorwa safari aliyowatuma watu wake kwa majahazi kwenda nchi waliyoiita Punt. Wataalamu wengi wanaiweka Punt upande wetu huku wa Pembe ya Afrika, Eritrea, Ethiopia, Somalia. Na wanafuata nini? Ubani wako na manemane! Wamechorwa wanabeba miti mizima na mizizi yake ndani ya makapu, watu kadhaa kwa mti mmoja na mti kwenye nguzo begani, ili wakaipande kwao. Pembe za ndovu zimo, mpingo umo, nyani wanakwea kamba za jahazi. Nyumba za wenyeji zimeinuliwa juu ya miti na zina ngazi, na mama mwenye mji amechorwa mnene kweli kweli, mapaja yamejikunja. Chini ya majahazi wamechora samaki na ngisi wa Bahari ya Shamu, mvuvi wa Malindi anaweza kuwataja.

Yaani ni biashara yako wewe, duka lako, imechongwa kwenye jiwe.

Na makundi yanapitishwa pale mbio! Wanapelekwa juu kupiga picha ya sanamu, dakika zimekwisha, twende basi linasubiri. Safari yangu ya kwanza, ile ya duka, sikuuona kabisa ule ukuta, sikujua kama upo. Ukifika mwambie mtembezaji Punt. Neno moja tu, Punt, anajua.

Halafu Aswan, ukiwa kwenye jahazi lao dogo la tanga wanaita feluka, na hilo usiliache, tazama ng'ambo ya magharibi juu ya kilima, kuna jengo la jiwe rangi ya waridi lina kuba. Ni kaburi la Aga Khan wa Tatu, kiongozi wa Waismailia, yule aliyepimwa uzito kwa almasi Dar es Salaam 1946, ukumbi wa Diamond Jubilee pale Upanga jina lake limetoka hapo. Mjukuu wake, Aga Khan wa Nne, naye alizikwa huko huko Aswan Februari 2025. Wageni hawaingizwi ndani, unalionea majini. Nilipomwambia nahodha wetu kwetu kuna hospitali na shule zina jina hilo alizima sigara akaanza kuniuliza maswali yeye.

Ukienda sokoni Aswan jioni utakuta magunia ya maua mekundu yaliyokaushwa, wanayaita karkade, wanakusifia kama dhahabu nyekundu. Ni rozela, choya ile ile. Nunua robo tu kwa heshima. Ubani wao nilinusa, nikakumbuka wa Darajani, nikarudisha.